Mtoto Asiyekataa Kutumwa

Nimestaafu, nimerudi kwetu Malindi katika nyumba ya marehemu mama, na asubuhi hukaa barazani nikichambua mchicha. Watoto wa shule wanapita mbele yangu, wengi wananisalimu, nami nawaitikia na roho yangu inatulia. Lakini akipita mtu nisiyemjua, nikasikia mtoto akimwambia shikamoo, kisha yule mtu akasimama na kumwita aje karibu, basi mchicha wote unaniponyoka mkononi. Nainuka. Najitia kumuuliza yule mgeni anatafuta nyumba ya nani. Wajukuu zangu wanacheka, wanasema bibi amekuwa askari wa mtaa.

Wacheke tu. Nyinyi vijana mnaoanza ualimu sasa ndio ninaotaka mnisikilize, kwa sababu mtakabidhiwa watoto wa watu, na siku moja mtaambiwa mchague aliye na adabu kuliko wenzake, mumsimamishe mbele ya shule apigiwe makofi. Mtaiona kazi nyepesi. Mimi niliifanya miaka mingi, na hofu niliyonayo niliipata humo humo.

Shule yetu ilikuwa upande wa Tezo, ndani kidogo kutoka barabara kuu iendayo Kilifi. Wazazi walikuwa wakulima wa mihogo, mahindi na korosho, na mimi mtoto wa mjini nilichekwa sana mwanzoni kwa kutojua hata kushika jembe. Shule ilikuwa na jambo lake la kujivunia. Kila mwisho wa muhula tulimchagua mtoto mmoja mwenye heshima na tabia njema, akavishwa utepe wa kijani kifuani, akauvaa kila siku muhula mzima uliofuata. Mama yake alipewa leso. Hapakuwa na zawadi ya hesabu wala ya Kiingereza iliyogombewa kama utepe ule, na nimewaona kina mama wakilia kwa furaha wakiipokea ile leso.

Aliyenifunza kuchagua ni mwalimu wetu mkuu, Mwalimu Katana, mtu mrefu, mkimya, aliyependa kuzunguka shuleni na kikombe cha chai mkononi. Nilipopewa kazi ya utepe nilimwendea nikamtajia watoto wangu wapole wa safu ya mbele. Akaniambia darasani kila mtoto ni mwema kwa sababu mwalimu yupo. Akanipeleka nyuma ya jiko wakati wa mapumziko, tukajifanya tunazungumza, kumbe tunatazama tangi la maji.

Kopo la kunywea lilikuwa moja, limefungwa kwa kamba. Wako watoto waliokunywa wakalitupa likining'inia. Wako waliomwaga yaliyobaki miguuni kwa wenzao. Na alikuwepo mmoja mmoja aliyelisuuza, akalijaza, akampa aliyekuwa nyuma yake. Mwalimu Katana akasema hao ndio wa kuwafuatilia. Akanifunza pia kusikiliza mtoto anamwambia nini mpishi siku uji umeisha na foleni bado ndefu, na kutazama anacheka nini mwenzake anapoanguka. Mengi ninayoyajua kuhusu tabia za watoto niliyajulia pale nyuma ya jiko, macho yakiniwasha kwa moshi.

Tena msichague wakati watoto wanajua mnachagua. Sisi tulikuwa na kipindi tulichokiita msimu wa shikamoo, majuma ya mwisho wa muhula, ambapo hukuweza kuvuka kiwanja bila kuamkiwa na shule nzima. Alikuwepo mvulana mmoja, Karisa, aliyekuamkia upande huu wa darasa, akazunguka mbio, akakuamkia tena upande wa pili. Siku moja alimwona mwalimu mwenzangu akiingia chooni. Akamfuata, akasimama nje ya mlango, akasema shikamoo, na alipoona kimya akairudia kwa sauti zaidi. Hakuondoka mpaka marahaba ilipotoka mle ndani. Utepe hakuupata, lakini tulimkumbuka kwa muda mrefu kuliko wengi walioupata.

Sasa nije kwenye lile lililonitia hofu. Mwalimu Katana alikuwa na kipimo kimoja alichokiweka juu ya vingine vyote, na sisi sote tulikubaliana naye kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Mtoto mwema ni yule anayetumika. Desturi yetu mnaijua. Mtu mzima yeyote akimwona mtoto njiani humwita, amjue asimjue. Njoo nikutume dukani, nishikie mzigo huu, nenda ukamwite fulani. Mtoto haulizi. Anaamkia, anapokea kwa mikono miwili, anakwenda. Akisitasita, habari humfikia mama yake kabla yeye hajafika nyumbani. Mimi mwenyewe nimetumwa na nusu ya mji wa Malindi nikiwa mdogo, na wengi wao sikuwahi kuwajua majina.

Kwa hiyo ule utepe ukapata kazi nyingine ambayo hakuna aliyeipanga. Kule barabarani wenye maduka, kina mama wauza mihogo na waendesha bodaboda waliijua maana yake. Mtu akitaka wa kumtuma, hakuita mtoto yeyote tu, aliita, "Wewe wa utepe, njoo." Tulipolisikia hilo ofisini tulifurahi, tukaona shule imepata jina.

Kadzo alikuwa Gredi ya Tano alipovishwa utepe. Alikuwa mtoto mwembamba, sauti yake ndogo, na ukimwita alikuja huku amekwisha kunyoosha mikono kupokea chochote utakachompa. Sidi, rafiki yake waliyekaa naye dawati moja, ndiye aliyekuwa mpinzani wake, na nikisema kweli, pale kwenye tangi la maji Sidi alikuwa mbele. Kilichomwangusha ni jambo moja. Mwalimu fulani alimtuma avuke barabara kuu amnunulie krediti ya simu. Sidi akaweka mikono nyuma, akasema samahani mwalimu, mama amenikataza kuvuka barabara. Mwalimu yule aliingia ofisini akilalamika kwamba mtoto ana mdomo, na hakuna aliyembishia. Kadzo ndiye aliyevuka akanunua krediti, na Kadzo ndiye aliyepata utepe.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, watoto wamekwisha kuachiwa. Nilikuwa nafunga madirisha ya darasa nikamwona Sidi anarudi mbio peke yake, ameshika mikoba miwili. Mmoja ulikuwa wake, wa pili niliutambua kuwa wa Kadzo.

"Mwalimu, Kadzo amepanda pikipiki ya mtu," alisema.

"Mtu gani?"

"Simjui. Na Kadzo hamjui."

Nilimkalisha, nikamtaka anieleze polepole, ingawa moyo wangu haukuwa na polepole yoyote. Walipofika njia panda ya barabara kuu, mtu mmoja mwenye pikipiki alisimama mbele yao. Aliita wewe wa utepe, njoo unioneshe nyumbani kwa mzee fulani, nimechelewa matangani. Kadzo alimwamkia, akampa Sidi mkoba wake amshikie, akapanda. Yule mtu akamwambia na Sidi apande. Sidi akarudi nyuma, akasema mama amemkataza kupanda pikipiki. Mtu yule akacheka, akamwita mjeuri, akaondoka. Nyumba ya yule mzee iko ndani, upande wa mashamba. Pikipiki ilishika njia ya Kilifi.

Nimewahi kuogopa maishani. Nimeogopa mvua zilipokata njia, nimeogopa mwanangu alipougua. Ile ilikuwa hofu ya namna nyingine. Nilivua viatu nikakimbia, mwanamke mzima na buibui langu, Sidi akinifuata na ile mikoba miwili, na kila nilipofumba macho niliuona ule utepe. Nilikuwa nimeubana mimi mwenyewe kwa pini kifuani pa Kadzo siku ya zawadi, nikaunyoosha ukae vizuri, uonekane hata na aliye mbali.

Kituoni nilimkuta Ngala, kijana aliyekuwa mwenyekiti wa bodaboda, ambaye zamani nilimfundisha. Aliponiona miguu mitupu hakuuliza habari. Aliuliza pikipiki ni ya rangi gani. Sidi ndiye aliyemjibu kwamba tangi lilikuwa jekundu na nyuma hapakuwa na nambari. Ngala akawapigia simu wenzake wa kituo cha mbele, akawaambia wajipange barabarani wote, asipite mtu mwenye mtoto wa sare ya kwetu. Kisha yeye na vijana wengine wawili wakawasha, wakaondoka kwa kasi ambayo siku nyingine ningeikemea.

Mama Kadzo alikuwa kando ya barabara hiyohiyo, amekaa na mihogo yake mahali asipoiona njia panda. Alikuwa ameshaacha kumenya. Nilitafuta maneno laini, sikuyapata, nikamwambia vilevile kama nilivyoambiwa. Aliweka kisu chini taratibu, akajifunga leso kiunoni, akasimama karibu na lami akitazama upande wa Kilifi. Ilikuwa leso tuliyompa sisi.

Tulisimama muda ambao siwezi kuupima. Magari yalipita. Kila pikipiki iliyotokea kwa mbali tulishikana mikono, ikifika karibu tunaona amebebwa mtu mzima, au gunia, au hakuna kitu. Nilijaribu kusoma dua niliyoizoea tangu utotoni, ikanipotea katikati. Mama Kadzo hakulia. Alisema mara moja tu, bila kunitazama.

"Mimi ndiye niliyemwambia akiitwa aende, mwalimu. Na nyinyi mkampa utepe kwa hilo."

Nilisogea karibu naye, tukaendelea kutazama barabara.

Ngala ndiye aliyetokea kwanza, na alikuwa anatembea. Alikuwa anaikokota pikipiki yake, na kando yake alikuwa Kadzo, anakuja kwa miguu, utepe kifuani. Baadaye Ngala alinieleza kwamba alimkuta anarudi pembeni ya barabara peke yake, na kila aliyepishana naye alimwamkia, nao wakamwitikia wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyejua kuna jambo. Ngala alipomwambia apande amrudishe, Kadzo alianza kutetemeka, hivyo akaona bora aikokote pikipiki njia yote kuliko kumlazimisha. Kijana yule aliponipa shida darasani nilikuwa nikimwambia hatakuwa mtu. Nilimwomba radhi moyoni.

Ilivyokuwa ni kwamba yule mtu alimpeleka mbali, na alipoona kwa mbele bodaboda zimejaa barabarani, akasimama, akamwambia shuka uende kwenu, akakata kona akaingia kijia cha mashambani. Hatukumwona tena. Tulipiga ripoti polisi, wakaandika, wakatafuta, hakupatikana. Ofisini yupo aliyesema labda alikuwa mtu aliyepotea njia tu. Labda. Ile labda imenikosesha raha tangu siku hiyo, kwa kuwa nayajua mengine yote yanayoweza kukaa mahali pake.

Mama yake alimkagua mwili mzima palepale barabarani, akaona hana jeraha, akamkumbatia. Mimi nilipiga magoti nikamuuliza kwa upole kwa nini hakusema kitu alipoona njia siyo.

"Alikuwa anaongea na simu, mwalimu," Kadzo alinijibu. "Mtu mzima akiongea hakatizwi."

"Na alipomaliza?"

"Nilimwambia samahani. Hakunisikia. Nikanyamaza."

Mama Kadzo aliketi chini, pale pale kwenye vumbi. Maneno yale tulikuwa tumemfundisha sisi, nyumbani na shuleni, na Kadzo alikuwa ameyashika yote bila kupunguza hata moja.

Kesho yake Mwalimu Katana alituita walimu wote. Alisikiliza habari mwanzo hadi mwisho na chai yake ikapoa bila kuguswa. Kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia kwa mtu wa umri wake. "Tulikuwa tunawachagua wanaotufaa sisi," alisema. "Hatukuuliza kama tabia hiyo inawafaa wao." Akaamuru utepe usitoke tena nje ya lango la shule. Tangu hapo mtoto aliheshimiwa ndani, mbele ya wenzake na wazazi wake, akapigiwa makofi, akaenda nyumbani na shati tupu kama wengine.

Kuondoa utepe kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuwafundisha watoto kukataa kwa adabu, na hapa ndipo ninapotaka mtoe kalamu zenu. Usimwambie mtoto aache kuwaamkia wageni, utamharibu. Mwambie aamkie akiwa amesimama mbali, pasipofikiwa na mkono. Mfundishe neno moja fupi, samahani siwezi, mpaka nimuulize mama au mwalimu, na alirudie mpaka limtoke bila kufikiri. Mfundishe kwamba mtu mzima akiudhika kwa neno hilo, hapo ndipo pa kukimbia. Na mwambie akiona njia siyo, akate maneno ya mtu yeyote, hata akiwa nani, na apige kelele. Sisi walimu tulijifanya wageni, tukawaita uwanjani mmoja mmoja, wakakataa huku wanacheka. Karisa alilipenda somo hilo kupita kiasi. Juma zima nilipomdai kazi ya nyumbani alinijibu samahani mwalimu, siwezi, mpaka nimuulize mama.

Msidhani wazazi walitushukuru. Baba mmoja alikuja ofisini akasema tunawafunza watoto ujeuri, na kwamba yeye mtoto wake akitumwa na jirani ataenda. Bibi mmoja, hawe kama wanavyoita wenyewe, alitembea toka kwake hadi shuleni na fimbo kulalamika kwamba mjukuu alikataa kumletea ugoro mpaka amuulize mama yake, na mama yake alikuwa shambani, na yeye alikaa bila ugoro hadi jioni. Nilimpa pole ya ugoro. Halafu nikamwomba Mama Kadzo, aliyekuwa akituuzia mihogo ya wanafunzi siku hiyo, amweleze yaliyompata. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akavuta fimbo yake, akaenda zake. Hakurudi tena na malalamiko.

Muhula uliofuata tulimchagua Sidi. Hakukuwa na aliyebisha.

Lakini niliyemhofia ni Kadzo. Alirudi shuleni, alisoma, alicheza kidogo, na mikono yake bado ilinyooka kila alipoitwa. Katika lile somo la uwanjani yeye ndiye pekee aliyeshindwa. Mwalimu akijifanya mgeni na kumwita, Kadzo alikwenda. Tulimrudisha, tukamweleza, akaitikia ndiyo mwalimu, akaitwa tena, akaenda tena. Nilikuwa nikimsindikiza kwa macho kila alasiri mpaka afike kwa mama yake pale barabarani, na jioni nilikosa hamu ya chakula.

Siku moja, karibu na kustaafu kwangu, nilipata wageni ghafla na sukari ya ofisini imekwisha. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara kuu. Kwa mazoea ya maisha yangu yote nilitoka mlangoni na hela mkononi, nikamwita mtoto wa kwanza niliyemwona, sikutazama hata ni nani. Alikuwa Kadzo. Alikuja mikono imenyooka. Nilipomwambia avuke anunue sukari, ile mikono ikasimama katikati. Akairudisha. Akaiweka nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Samahani. Siwezi. Mama amenikataza kuvuka barabara."

Alinitazama usoni akingoja nikasirike, huku amesogeza mguu mmoja nyuma. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa atadhani amekosea. Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Nenda ukacheze."

Aligeuka, akaanza kwa kutembea, kisha akakimbia. Hakukuwa na utepe siku hiyo, wala makofi. Nilisimama mlangoni na hela zangu mkononi, nikamtazama mpaka akafika kwa wenzake, na kwa mara ya kwanza tangu alasiri ile sikugeuza macho kuangalia barabara.